Barakoa ya N95 inapoleta shida wodini: dalili, sababu na la kufanya

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara, wahudumu wa usafi na madereva wa ambulensi wanaovaa N95 au FFP2 kujikinga na kifua kikuu, surua, tetekuwanga na UVIKO-19. Malalamiko ni yaleyale kila kituo: miwani inaingia ukungu, hewa inapita pembeni, mikanda imelegea, kichwa kinauma. Ukiyafuatilia, mengi yanaishia mahali pamoja, nalo ni ukingo wa barakoa pale unapogusana na ngozi.

Kitambaa chenyewe si rahisi kukushinda. N95 halisi hupimwa kwa chembe za chumvi za takribani mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), hewa ikipitishwa lita 85 kwa dakika, na ni lazima izuie angalau asilimia 95 ya chembe hizo. FFP2 ya Ulaya hupimwa kwa lita 95 kwa dakika na kutakiwa kuzuia angalau asilimia 94. Bakteria wa kifua kikuu ana umbo la kijiti chenye urefu wa mikroni 2 hadi 4, na husafiri ndani ya vichembe vya mikroni 1 hadi 5 vinavyoelea hewani kwa saa kadhaa. Hivyo chujio linavimudu. Ila hewa hufuata njia nyepesi: ukiacha upenyo unaopitisha kalamu kando ya pua, utavuta hewa kupitia hapo, na chujio zuri la mbele litabaki pambo.

Mambo mawili kabla hatujaanza. Barakoa ya upasuaji si N95. Ile anavaa mgonjwa ili asitawanye vichembe, na N95 anavaa mhudumu. Pili, N95 ndiyo kinga ya mwisho, nyuma ya madirisha yaliyo wazi pande mbili za wodi, mgonjwa kutengwa mapema, na makohozi kutolewa nje penye upepo badala ya chooni au kwenye korido.

Dalili: miwani inaingia ukungu, au unahisi hewa ikipiga machoni

Hapa barakoa inavuja puani, na hili ni tatizo linaloripotiwa mara nyingi.

Anza na waya wa puani. Wengi huubana kwa mkono mmoja, kidole gumba huku na cha shahada kule. Waya ukibanwa hivyo hujikunja katikati kama paa la kibanda, na kila upande wa pua hubaki pembetatu ndogo iliyo wazi. Weka vidole viwili vya kila mkono juu ya daraja la pua, ubonyeze kuanzia katikati ukishuka pande zote mbili kwa pamoja mpaka waya ulale kwenye shavu. Waya uliokwisha kukunjwa kama paa haunyooki sawasawa tena, kwa hiyo barakoa hiyo ibadilishe.

Sababu ya pili ni miwani kuvaliwa kwanza. N95 hutangulia, miwani au kinga ya macho hufuata. Ikiwa fremu inasukuma ukingo wa barakoa, badilisha fremu au barakoa. Usiishushe barakoa puani ili miwani ikae vizuri.

Ya tatu ni umbo la pua. Mwenye daraja la pua lililolala hupata shida na barakoa ngumu zenye umbo la kikombe, kwa sababu waya wake haufiki chini vya kutosha. Barakoa za kukunja zenye sehemu tatu na sponji pana puani huwakaa wengi wa watu hawa. Plasta juu ya waya si dawa. Inaondoa ukungu kwenye miwani, lakini haithibitishi kwamba mashavuni hapavuji.

Dalili: hewa inapita mashavuni au chini ya kidevu

Ndevu ndiyo sababu ya kwanza kwa wanaume, na ndevu za siku moja tu zinatosha kuinua ukingo. Sharubu si tatizo iwapo zinakaa ndani ya barakoa bila kugusa mstari wa ukingo. Anayefuga ndevu kwa imani asilazimishwe kuvaa N95 isiyomkinga. Kuna kofia zinazosukuma hewa iliyochujwa kwa feni ya betri, ambazo hazihitaji kugusana na ngozi ya uso. Kama kituo hakina, apangiwe kazi nje ya vyumba vya wagonjwa wa maambukizi ya hewa.

Ya pili ni mikanda kukaa vibaya. Mkanda wa juu hukaa utosini kwa nyuma, wa chini shingoni chini ya masikio. Mikanda iliyopishana kisogoni kama herufi X huvuta pembe za barakoa na kufungua mashavu. Mkanda wa chini uliopandishwa juu ya masikio hufungua kidevu. Wapo pia wanaoacha mkanda wa chini ukining'inia kwa sababu unakera, na hao wajue wamevaa nusu ya barakoa.

Nywele zinastahili maelezo zaidi, maana huwa hazitajwi kwenye mafunzo. Juu ya rasta laini, wigi au nywele za kubandika, mkanda wa juu huteleza taratibu, na baada ya nusu saa umefika kisogoni. Fundo la nywele lililo katikati ya kichwa lipitiwe na mkanda wa juu kwa juu yake na wa chini kwa chini yake, ili lizuie mikanda isikutane. Kwa anayevaa ushungi, N95 huvaliwa kwanza, mikanda ikae juu ya nywele au kofia ya ndani inayobana, kisha ushungi ufuate. Mkanda ukipita juu ya kitambaa kinachoteleza, barakoa itahama kila unapogeuza shingo. Na kitambaa chochote kisipite kati ya ukingo na ngozi, iwe ni pindo la mtandio, kofia ya upasuaji au barakoa nyingine ya ndani. Kuvaa barakoa ya upasuaji chini ya N95 "kwa usalama zaidi" kunaiharibu N95 kabisa.

Ya tatu ni saizi. Wenye nyuso ndogo, wengi wao wanawake, hupewa saizi ya kawaida kwa kuwa ndiyo iliyopo stoo. Dalili yake ni barakoa kufika karibu na macho au kidevu kuogelea ndani. Baadhi ya modeli zina saizi ndogo: 3M 1860, kwa mfano, ina 1860S. Anayeagiza vifaa aandike saizi zote mbili kwenye fomu, la sivyo italetwa moja.

Ukaguzi wa haraka kila unapovaa: funika barakoa kwa viganja vyote viwili bila kuikandamiza, toa pumzi kwa nguvu, kisha vuta kwa nguvu. Ukitoa pumzi, usihisi hewa machoni, mashavuni wala kidevuni. Ukivuta, barakoa laini hujinyonya kidogo kuelekea usoni. Ile ngumu hainyonyeki, kwa hiyo sikiliza ngozi ya ukingoni. Yenye vali ikaguliwe zaidi kwa kuvuta. Ukihisi uvujaji, rekebisha waya, kisha mikanda, kagua tena.

Simama hapa: ukirekebisha mara tatu na bado inavuja, usiingie chumbani. Badilisha barakoa, au mwambie msimamizi ampange mtu mwingine aingie badala yako.

Dalili: umeshindwa kipimo cha mkao

Kipimo cha mkao huonyesha kama modeli fulani ya barakoa inakaa usoni mwako bila kuvuja, na ukaguzi wa viganja hauchukui nafasi yake. Mtu anaweza kuhisi imeziba kabisa na bado ikawa inavuja. Kipimo cha kuonja hufanywa kwa kofia ya plastiki inayofunika kichwa na mabega, na vinyunyizio viwili: kimoja chenye sakarini au Bitrex nyepesi, kingine chenye ile kali. Sakarini ni tamu, Bitrex ni chungu.

Kwanza mtu huvaa kofia bila barakoa na kunyunyiziwa ile nyepesi, mibonyezo 10, kisha 20, kisha 30, ili ijulikane anaanza kuonja wapi. Baadaye huvaa barakoa, hukaa nayo kama dakika tano, hurudi ndani ya kofia na kunyunyiziwa ile kali kwa idadi ileile. Nusu ya idadi hiyo huongezwa kila sekunde 30. Anapumua kwa mdomo, ulimi ukiwa nje kidogo, na kufanya mazoezi saba ya dakika moja moja: kupumua kawaida, kupumua kwa kina, kugeuza kichwa kulia na kushoto, kukiinua na kukiinamisha, kusema kwa sauti, kuinama kiunoni, na kupumua kawaida tena. Akionja wakati wowote, ameshindwa.

Kabla hujalaumu uso wa mtu, kagua vifaa, kwa sababu makosa ya upimaji ni mengi:

- Mtu amekula, amevuta sigara, ametafuna jojo au amekunywa chai ndani ya dakika 15. Maji matupu hayana shida.
- Vinyunyizio vimebadilishana dawa, na ile kali imetumika kwenye hatua ya kwanza. Viandikwe 1 na 2 kwa wino usiofutika.
- Kinyunyizio kimeziba. Sakarini ikikauka huacha fuwele kwenye tundu, mpimaji anabonyeza na ukungu hautoki, halafu kila mtu "anafaulu". Suuza kwa maji, kung'uta, jaza upya asubuhi na mchana, au kila baada ya saa nne. Nyunyizia kuelekea mwanga uone ukungu kabla ya kila mtu.
- Ladha ya hatua ya kwanza imebaki midomoni. Asukutue, anawe uso, asubiri mpaka ladha iishe.

Asiyeonja hata baada ya mibonyezo 30 hawezi kupimwa kwa dawa hiyo. Mhamishie kwenye ile nyingine.

Vifaa vikiwa sawa na mtu bado anashindwa, avae upya mara moja kwa uangalizi. Akishindwa tena, abadilishe saizi au modeli. Mkao ni wa modeli hiyo kwenye uso huo. Aliyefaulu kwa kikombe kigumu cha kampuni moja hajafaulu kwa "N95" zote duniani, na hili ndilo linalosahauliwa shehena mpya inapoingia ikiwa na modeli tofauti. Stoo iwataarifu wanaopima kabla ya kugawa, si baada.

Kipimo hurudiwa kila mwaka, na pia mtu anapopungua au kuongezeka kama kilo 9, anapong'olewa meno au kuwekewa ya bandia, au anapopata kovu usoni.

Dalili: kupumua kwa shida, kichwa kuuma, kizunguzungu

Mara nyingi ni kuvaa saa nyingi mfululizo bila maji wala mapumziko, hasa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Panga zamu ili mtu atoke nje ya eneo la maambukizi kila baada ya saa chache, avue, anywe maji. Sababu nyingine ni barakoa iliyolowa jasho, kwani unyevu huongeza ukinzani wa hewa, hivyo badilisha. Mikanda inayobana kupita kiasi nayo huleta maumivu ya kichwa, na kwa kawaida hiyo ni ishara kwamba modeli si yako.

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au mimba kubwa aonwe na daktari kabla ya kupangiwa wodi inayohitaji N95.

Simama hapa: kifua kikibana, ukisikia unataka kuzimia au mapigo ya moyo yakienda mbio, toka chumbani mara moja. Usivue ukiwa ndani. Funga mlango nyuma yako, vua ukiwa nje, kaa chini, ita mwenzako. Usirudi kazini siku hiyo mpaka daktari akuone.

Dalili: mikanda imelegea au imekatika

Imetumika mara nyingi mno, au imekaa stoo kwenye joto mpaka mpira ukachoka. Soma tarehe ya mwisho kwenye boksi, kisha vuta mkanda wa barakoa mpya: ukiachia, urudi mara moja. Ukirudi polepole au ukaonyesha nyufa nyeupe, boksi zima litiliwe shaka. Kufunga fundo kwenye mkanda hubadilisha mvuto wa upande mmoja na kuufungua mwingine, kwa hiyo usifanye. Kushona au kubana kwa stepla ni kutoboa chujio.

Maboksi yakae mbali na bati la paa, dirisha lenye jua na sakafu yenye unyevu.

Dalili: barakoa imechafuka, imelowa au inanuka

Swali linalofuata huwa ni kama inaweza kuoshwa. Haiwezi. Tabaka la katikati ni nyuzi laini za polipropilini zenye chaji ya umeme tuli, na chaji hiyo ndiyo inayonasa vichembe vidogo. Sabuni na spiriti huiondoa, na JIK nayo huharibu chujio. Kinachodanganya ni kwamba barakoa iliyofuliwa inaonekana safi na kupumulika kwa urahisi kuliko mpya. Jua haliirudishi. Pasi huiyeyusha. Maikrowevu hutoa cheche kwenye waya. Otoklevu (mtambo wa kuua vimelea kwa mvuke) ya nyuzi 121 huharibu umbo la aina nyingi na kulegeza mikanda.

Kurudia kuvaa barakoa ileile ni jambo tofauti. Kwenye kifua kikuu inakubalika mahali penye uhaba, kwa sababu ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusa barakoa. Mtengenezaji asiposema kitu, kikomo kinachofuatwa na wengi ni kuvaa mara tano, kwa mtu yuleyule. Ihifadhi kwenye mfuko wa kaki wenye jina lako na tarehe, uweke alama kila unapovaa. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani. Usiikunje mfukoni mwa koti wala kuishusha shingoni. Itupe mara moja ikilowa, ikirukiwa damu au makohozi, ikijikunja, au ukaguzi wa viganja ukishindwa. Palipo na UVIKO-19 au ugonjwa wowote wa kuambukiza kwa kugusa, fuata amri ya timu ya kuzuia maambukizi na si mazoea ya wodi ya kifua kikuu.

Unapovua: mkanda wa chini kwanza, kisha wa juu, bila kugusa mbele. Nawa mikono kabla na baada.

Dalili: vidonda na vipele puani au mashavuni

Mara nyingi ni msuguano na jasho. Paka mafuta yasiyo na harufu usiku, siyo dakika chache kabla ya kuvaa, kwani mafuta hutelezesha ukingo. Plasta au kitambaa cha kuzuia msuguano chini ya ukingo kinabadilisha mkao, hivyo pima tena ukiwa umekivaa. Vipele vyenye malengelenge au ngozi iliyofunguka ni kazi ya daktari wa ngozi, na mhudumu abadilishiwe modeli au eneo la kazi mpaka apone.

Dalili: unashuku barakoa ni bandia

N95 iliyoidhinishwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ina maandishi juu ya barakoa yenyewe: neno NIOSH, namba ya idhini inayoanza na TC-84A, jina la mtengenezaji, modeli na namba ya toleo la uzalishaji. Ina mikanda ya kuzunguka kichwa. Ikiwa ni ya kuning'iniza masikioni na imeandikwa N95, itilie shaka moja kwa moja. Vivyo hivyo ikidai imeidhinishwa kwa watoto, maana NIOSH haitoi idhini hiyo. FFP2 iwe na alama ya CE yenye tarakimu nne pembeni, pamoja na EN 149, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha barakoa hizi. Ikiwa na NR, maana yake ni ya zamu moja.

Kumimina maji juu ya barakoa au kuzima kiberiti kwa pumzi hakuthibitishi chochote. Linganisha namba ya TC na orodha ya NIOSH. Isipopatikana, zuia boksi lote, piga picha za maandishi, mpe taarifa mfamasia na msimamizi wa kuzuia maambukizi, ambao watafikisha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa Tanzania, au Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya.

Umegundua barakoa ilivuja ukiwa tayari chumbani

Toka, funga mlango, vaa nyingine. Kisha ripoti siku hiyohiyo na iandikwe kwenye rejista: tarehe, muda uliokaa ndani, kazi uliyofanya (kunyonya makohozi na kuingiza mrija wa hewa ni hatari kuliko kugawa dawa), na kama mgonjwa alikuwa amevaa barakoa.

Kwa kifua kikuu, fuatilia majibu ya makohozi ya mgonjwa huyo na kama vimelea ni sugu kwa dawa. Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya ahusishwe, hasa kuhusu tiba kinga. Ukipata kikohozi, homa, jasho la usiku au kupungua uzito, peleka makohozi yapimwe. Anayeishi na VVU asisubiri wiki mbili za kikohozi. Afike mapema, na siri yake ilindwe.

Surua haisubiri. Asiye na kinga apewe chanjo ndani ya saa 72 baada ya kukutana na mgonjwa, au imunoglobulini (kingamwili zilizo tayari) ndani ya siku 6 kwa wasioweza kuchanjwa, kama wajawazito, na akae nje ya kazi kuanzia siku ya 5 hadi ya 21 baada ya kukutana huko. Kwa tetekuwanga, asiye na kinga hukaa nje kuanzia siku ya 8 hadi ya 21, na mjamzito amwone daktari siku hiyohiyo.